Ushauri wenu wapendwa: nawapeleka watoto watatu Dar likizo ya Juni, siku nne, tokea Tanga

Mama Watatu Chumbageni (Jumatatu, saa 3:10 usiku)

Habari za usiku wapendwa, wakubwa shikamooni. Mwenzenu mdomo umeniponza. Mwaka jana nilimwambia huyu wangu mkubwa akishika namba nzuri darasani nampeleka Dar, nikajua atasahau, hajasahau, kaleta karatasi yake na kaibandika ukutani kwa ugali. Sasa ndo likizo hii ya Juni na baba yao kakubali kufunga kibanda siku nne.

Tupo watano. Kaka mtu ana miaka 7, wa pili wa kike miaka 3 na nusu, na mdogo miezi 11 bado ananyonya. Hatuna gari, tunapanda basi Kange. Bajeti kama laki tisa kila kitu. Mimi mwenyewe Dar mara ya mwisho nilienda kwenye msiba, nikaona Muhimbili na Kinondoni makaburini basi, kwa hiyo sina ninalolijua.

Ratiba nimeipanga hivi. Siku ya kwanza Makumbusho ya Taifa, sanamu ya Askari, soko la samaki Feri, Kariakoo, jioni Coco. Siku ya pili kisiwa cha Mbudya, tukirudi Kunduchi kwenye yale mabwawa ya kuteleza, jioni Mlimani City. Siku ya tatu treni ya SGR mpaka Morogoro na kurudi, jioni Kijiji cha Makumbusho. Siku ya nne kurudi nyumbani. Naomba mniambie kama nimesahau sehemu.

Kijana wa Barabara ya 9 (saa 3:14 usiku)

Umesahau kulala

Dada wa Sinza (saa 3:31 usiku)

😂😂 huyo hapo juu msamehe lakini kasema kweli. Mimi ni mtoto wa Muheza nipo Dar mwaka wa kumi na mbili huu, nina wawili, nakwambia ratiba yako ya siku ya kwanza mimi mkazi inanichukua wiki. Dar umbali haupimwi kwa kilomita dada angu, unapimwa kwa foleni. Ukitoka Posta saa kumi na moja jioni kwenda Mwenge na mtoto wa miezi 11 analia, utaikumbuka Chumbageni yako ulikokuwa unapanda baiskeli dakika tano umefika sokoni.

Kata kata kata. Asubuhi kitu kimoja, mnarudi wanalala mchana, jioni kitu kimoja chepesi. Hao wadogo usingizi wa mchana ukiwapita ndo umeharibu siku ya watu watano.

Konda Mstaafu (saa 3:50 usiku)

Mimi nimepiga njia ya Tanga Dar miaka 14 nikiwa mlangoni, ngoja nikupe ya basi kwanza maana wengi safari yao inaharibikia basini kabla hata Wami hawajaiona.

Ni kilomita kama 350, saa tano mpaka sita ikienda vizuri. Panda la asubuhi kabisa, watoto wanakuwa na usingizi bado, wakija kuamka mpo Mkata huko. Kaa mbele, siti ya nyuma ya dereva au ya pili yake, ambapo mtoto anaona barabara, wanaotapika wengi ni waliokaa nyuma wanaangalia dirisha la pembeni au wamepewa simu wanatazama katuni. Usimpe supu wala chapati za mafuta asubuhi, mpe uji mwepesi au mkate mkavu, na uwe na ndimu mkononi akianza kumeza mate mate mpe anuse. Mifuko mitatu minne ya nailoni mizito (ile ya zamani mlioificha majumbani, najua mnayo).

Kingine, uliza kabla hujalipa basi linaishia wapi. Siku hizi stendi kubwa ni ile ya Magufuli, Mbezi Luis, sio Ubungo tena, imehamia huko tangu 2021. Ni mbali na mjini. Mengine yakifika Msata yanakata kushoto yanapita njia ya Bagamoyo yanatokea Tegeta, hayo yanakufaa ikiwa unalala upande wa Mwenge au Sinza. Ukishukia Mbezi ukiwa unalala Posta andaa moyo.

Mama Watatu Chumbageni (saa 4:02 usiku)

Asante sana kaka, hilo la Ubungo sikulijua kabisa, mimi nilikuwa najua nashuka Ubungo 🙈 Na malazi je? Nimeona gesti za 40 mpaka 60 elfu.

Baba Pacha (saa 4:20 usiku)

Hapo kwenye malazi kwanza swali, hamna ndugu Dar?

Mama Watatu Chumbageni (saa 4:23 usiku)

Ndo penyewe hapo. Wifi yangu yupo Mbagala Rangi Tatu, ana nyumba yake na roho nzuri tu. Lakini Mbagala na haya mazunguko yangu naona mbali, na baba yao anasema tukilala gesti dada ake yupo mji huo huo tutasemwa mpaka Lushoto.

Bi Mkubwa Makorora (Jumanne, saa 12:15 asubuhi)

Marahaba mwanangu. Baba yao kasema sawa. Huwezi kwenda mji wa wifi yako ukalala gesti kama mpita njia, atakusamehe yeye, mama yake hatokusamehe. Na ukifika usiende mikono mitupu. Huu ndo msimu wa machungwa ya Muheza, chukua nusu gunia tu, na nazi.

Dada wa Sinza (saa 1:40 asubuhi)

Bi Mkubwa shikamoo. Naomba nipingane kidogo kwa adabu. Aende kwa wifi ndiyo ila asilale siku zote. Nilikuwa na wageni toka nyumbani mwaka juzi, watu sita, nawapenda, lakini kila asubuhi wanatoka saa nne kwa sababu huwezi kuondoka kwa mwenyeji bila chai, chai mpaka vitumbua viive, wakifika mjini ni saa saba jua la utosi. Jioni wanawahi kurudi maana mwenyeji kapika. Waliiona Dar kupitia dirisha la daladala.

Fanya hivi, siku mbili za mwanzo lala mjini, eneo la Posta, Kisutu au Kariakoo huko, ambapo karibu kila kitu unachokitaka mnafika kwa miguu au bajaji ya dakika kumi. Siku mbili za mwisho hamieni Mbagala na machungwa yenu, mnamwambia wifi tumekuja kukuona wewe sasa. Anafurahi na hamjachoka.

Bi Mkubwa Makorora (saa 2:05 asubuhi)

Haya hiyo nimeikubali. Ila ampigie simu kabla, asije akasikia kwa watu.

Mzee wa Raskazone (saa 2:30 asubuhi)

Habari za asubuhi. Mimi ni wa baharini, nimestaafu, nitasema la bahari tu.

Juni ni kusi, msimu wa upepo wa kusini. Asubuhi bahari inaweza kuwa shwari ukadanganyika, ikifika mchana upepo unaamka na mawimbi yanafuata. Mbudya ni kisiwa kizuri, boti zinatoka Kunduchi na si mbali, lakini kwa mtoto wa miezi kumi na moja katika kusi sikushauri, hasa safari ya kurudi. Halafu waulize kama wana jaketi la kuokolea la saizi ya mtoto, wengi watakuonesha la mtu mzima. Jaketi la mtu mzima kwa mtoto wa miaka mitatu linapanda juu na yeye anabaki chini.

La pili, Coco. Pale ni pa kula mihogo na kupigwa upepo. Watoto wadogo msiwaogeshe, kuna mawe na maji yakijaa yanavuta.

La tatu angalieni mwezi. Mwezi ukiwa mpevu au ukiwa mwandamo ni bamvua, maji yanajaa kwenye saa kumi jioni, na asubuhi kwenye saa nne yanakuwa yamekupwa mbali. Kwa watoto wadogo saa hiyo ya kupwa ndiyo ya kwenda ufukweni, wanachezea vidimbwi maji ya magotini. Kila siku inayofuata mnaongeza kama dakika hamsini. Nyinyi watu wa Tanga hayo yalitakiwa kuwa kichwani, lakini siku hizi naona hata watoto wa Sahare wanauliza simu.

Mama Watatu Chumbageni (saa 2:51 asubuhi)

Shikamoo mzee, asante. Mbudya nimefuta. Kaka mtu atanuna ila atanuna yu hai.

Mpangani Halisi (saa 3:12 asubuhi)

Badala ya Mbudya wapeleke wapande pantoni la Kigamboni. Nauli mia mbili mtu mzima kutoka Magogoni, dakika chache mko ng'ambo, watoto wanaona meli kubwa zinaingia bandarini ziko pua kwa pua. Ila naomba niulize, hivi mtu wa Tanga unatoka Tanga kwenda Dar kupanda pantoni wakati Pangani lipo? Kilomita hamsini tu toka hapo ulipo? Mto, mikoko, ng'ambo Bweni, samaki wa bei ya binadamu.

Kijana wa Barabara ya 9 (saa 3:15 asubuhi)

Mpangani kila uzi lazima auze Pangani 😂 hata uzi wa bei ya simenti alikuwemo

Mpangani Halisi (saa 3:16 asubuhi)

Na nitaendelea

Baba Pacha (saa 3:44 asubuhi)

Mleta mada mimi nilienda na mapacha wangu wa miaka 5 mwaka jana mwishoni, nina ya kusema kuhusu Makumbusho ya Taifa na treni.

Makumbusho ipo pale mtaa wa Shaaban Robert, karibu na bustani ya Botanical. Watu wazima mtataka kusoma habari za fuvu la Zinjanthropus, lile Mary Leakey aliloliokota Olduvai 1959, la miaka kama milioni moja na laki saba na nusu. Mimi nilisimama hapo nimeguswa kabisa. Wanangu waliuliza huyu alikuwa na meno ya kulia nini basi wakahama. Kilichowateka ni magari ya zamani, ipo Rolls Royce aliyotumia gavana wa Mwingereza na baadae Mwalimu, wakataka waambiwe honi yake ilivyokuwa inalia. Saa moja inatosha, baada ya hapo mpeleke Botanical kwenye kivuli, kuna tausi wanatembea wenyewe, huyo wako wa miaka mitatu atasahau kila kitu. Sanamu ya Askari iko Samora hapo hapo jirani, ipo tangu 1927, bunduki yake imeelekezwa bandarini, piga picha dakika mbili songa mbele, katikati ya magari yale sio pa kukaa na mtoto.

Treni sasa. Dar Morogoro daraja la kawaida ni 13,000 mtu mzima, mtoto wa miaka 4 mpaka 12 nusu, chini ya 4 bure. Kwa nyie ni wakubwa wawili na huyo wa miaka 7, kwenda na kurudi ni 65,000 jumla, piga hesabu mwenyewe. Kwa laki tisa ni pesa, lakini mimi naona usiikate hiyo. Inaenda mpaka 160 kwa saa na ndani imetulia, mtoto anatembea, choo kipo, huyo anayenyonya unamnyonyesha bila kugongwa na kiwiko cha mtu. Tiketi kata mapema na muwe na vitambulisho, na mfike stesheni mapema maana mizigo inapitishwa kwenye mashine kama uwanja wa ndege.

Konda Mstaafu (saa 4:10 asubuhi)

Reli ya kwanza nchi hii ilianza kujengwa hapa Tanga 1893 alafu leo watoto wa Tanga wanapelekwa Dar kuonyeshwa treni. Basi tu.

Mama Watatu Chumbageni (saa 4:30 asubuhi)

Kaka usinilize asubuhi hii. Kijiji cha Makumbusho je? Na Kariakoo? Nilitaka niwanunulie nguo za Iddi huko huko.

Dada wa Sinza (saa 5:02 asubuhi)

Kijiji cha Makumbusho kipo Kijitonyama barabara ya Bagamoyo, nyumba za asili za makabila, msonge wa Kihaya, tembe la Kigogo, unaingia ndani kabisa kunanuka moshi na udongo, watoto wanapenda kwa sababu wanaruhusiwa kuingia na kutoka, sio kama mle kwenye vioo. Ukibahatika unakuta ngoma mchana. Ila ni upande mwingine wa mji, weka siku unayotoka au kuingia kwa njia hiyo, usiifuate peke yake.

Kariakoo na watoto watatu HAPANA. Nguo mwache baba yao na watoto gesti, nenda mwenyewe asubuhi saa mbili na begi la mbele. Mimi nilimpoteza mtoto wangu Kariakoo dakika kumi na moja, nazijua ni kumi na moja kwa sababu nilikuwa kwenye simu ilipotokea na nilikuja kuangalia baadae. Alikuwa kasimama kwa muuza viatu analamba ice cream aliyonunuliwa na mama mmoja ambaye mpaka leo namuombea dua. Tangu siku hiyo nikitoka nao naandika namba yangu ya simu kwa kalamu mkononi kwa mtoto, juu ya kiwiko ndani, na siku hiyo wote wanavaa rangi moja ya kuwaka.

Mtaa wa Pili Duga (saa 5:20 asubuhi)

Kwa nini usisogeze mbele mkaenda Sabasaba, inaanza tarehe 28 Juni kule barabara ya Kilwa, na Mbagala ni hapo hapo mbele kwa wifi

Baba Pacha (saa 5:26 asubuhi)

Sabasaba na mtoto anayebebwa? Ule umati na vumbi? Labda kama una adui.

Mtaa wa Pili Duga (saa 5:29 asubuhi)

Sisi tulikulia Sabasaba mabegani kwa baba zetu na tupo

Mama Watatu Chumbageni (saa 6:15 mchana)

Jamani msigombane, baba yao mgongo unamuuma huyo mabegani habebi mtu. Swali la mwisho, nibebe kile kigari cha kusukuma mtoto?

Dada wa Sinza (saa 6:18 mchana)

Uache. Njia za miguu zina mashimo, zina pikipiki na zina machinga. Beba kanga mbili, mbeleko haina tairi la kupasuka.

---

Mama Watatu Chumbageni (wiki tatu baadae, Jumapili, saa 2:40 usiku)

MREJESHO. Tumerudi salama alhamdulillah, samahanini kwa kuchelewa, nguo za kufua zilikuwa mlima.

Basi. Kaka mtu tulimkalisha mbele, hakutapika. Wa miaka mitatu hakutapika. Mdogo hakutapika. Aliyetapika ni baba yao, Mandera pale, na alikuwa kala chapati na supu Kange saa kumi na moja alfajiri nikimwangalia. Konda Mstaafu nakushukuru kwa ile mifuko.

Gesti ya mjini, jina nalihifadhi. Kwenye simu walisema kuna lifti, kufika lifti ipo kweli ila imekufa, chumba ghorofa ya nne. Nimepanda zile ngazi na mtoto mgongoni mara nane kwa siku mbili, nilihesabu. Mnaokwenda ulizeni lifti INAFANYA KAZI, msiulize tu kama ipo.

Siku ya kwanza tulifika tukalala tu, jioni bajaji mpaka Coco, mihogo na mishikaki, maji hatukugusa. Walifukuzana na upepo mpaka giza likaingia. Siku ya pili asubuhi Makumbusho, Baba Pacha kila ulichosema, mkubwa kasimama kwenye ile gari mpaka mlinzi kamzoea. Mimi nilienda kulisoma fuvu peke yangu dakika kumi za amani. Botanical tausi mmoja akafungua mkia, wa kike akapiga kelele ya furaha, mdogo akalia kwa hofu, picha ninayo. Mchana tukalala WOTE, masaa mawili, sijawahi kulala mchana hivo tangu niolewe.

Siku ya tatu treni. Tulipanda ya asubuhi, Morogoro tukashuka tukala wali kuku, tukaangalia milima ya Uluguru tukiwa tumekaa kwenye kivuli, mchana tukarudi. Hatukufanya kitu kingine. Kaka mtu alikuwa anasoma namba za spidi kwenye ile skrini kwa sauti behewa zima linasikia, mzee mmoja wa jirani akawa anamjibu. Usiku ndo tukahamia Mbagala, foleni saa mbili na nusu, wifi katupokea na pilau. Machungwa alilia kuyaona, anasema ya Dar ni maji tu. Bi Mkubwa, hakununa hata kidogo, nilimpigia kabla kama ulivyosema.

Siku ya nne tuliongeza ikawa tano, maana wifi aligoma tusiondoke. Tukaenda Kigamboni na wanae wawili, watoto jumla watano. Mzee wa Raskazone, mwezi ulikuwa mpevu usiku wa kuamkia, saa nne asubuhi maji yako kule mbali kabisa kama ulivyotuandikia, vidimbwi vimejaa, kaa wadogo wadogo, tumekaa mpaka saa sita hakuna mtu aliyelia. Wifi yupo Dar miaka ishirini hajawahi kujua, kaniuliza umejuaje, nikamwambia nina mzee wangu Raskazone.

Kijiji cha Makumbusho hatukufika. Mlimani City hatukufika. Kunduchi hatukufika. Kariakoo nilienda mimi na wifi, nguo za Iddi zipo. Imebaki elfu thelathini na mbili.

Sasa nimemuuliza mkubwa, katika vyote ulipenda nini? Nikajua treni, elfu sitini na tano ile. Kasema pantoni! Pantoni la mia mbili, tena alitaka tuvuke turudi tuvuke tena, tukavuka mara tatu.

Mpangani Halisi (saa 2:43 usiku)

Nilisema mimi

Kijana wa Barabara ya 9 (saa 2:44 usiku)

Tumekwisha, huyu hatutapumua mwaka mzima

Mzee wa Raskazone (saa 3:05 usiku)

Nimefurahi mwanangu. Huyo wa kusoma spidi mlete siku moja nimuonyeshe kufunga fundo.

Mpangani Halisi (saa 3:09 usiku)

Mama Watatu nauli ya Pangani haifiki hata robo ya hiyo iliyobaki, na daraja linajengwa, likishakamilika pantoni litakuwa hadithi. Jumamosi nawasubiri. Na watoto wa wifi wakija likizo ya Desemba waleteni.

Mama Watatu Chumbageni (saa 3:20 usiku)

Baba yao yupo hapa anasoma begani kwangu anasema Jumamosi hana kazi. Mkubwa anauliza pantoni la Pangani lina honi?

Mpangani Halisi (saa 3:21 usiku)

Mwambie linayo, na nitamwombea kwa nahodha aipige mwenyewe